Jinsi ya Kuiga Picha ya Uso wa Antiferosumaku kwa Lahajedwali

Karibu kila muhula wanafunzi wa fizikia wa Arusha na Moshi hunijia na maswali matatu yale yale. Kama kitu hakivuti hata pini, tunajuaje kwamba ndani yake mna sumaku? Kwa nini picha za nyuso za vitu hivyo, viitwavyo antiferosumaku, huonyesha nukta chache kuliko atomi zilizopo? Na katika picha hiyo, ni nukta ipi ambayo spini yake, yaani usumaku mdogo wa atomi moja, imeelekea juu? Nimeyajibu ubaoni mara nyingi bila mafanikio makubwa, na nimegundua kwamba mtu huelewa anapoijenga picha hiyo mwenyewe, namba kwa namba, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Maabara yenye hadubini inayopiga picha hizo, iitwayo hadubini ya tuneli, inahitaji ombwe la hali ya juu sana na mara nyingi baridi iliyo nyuzi chache tu juu ya sifuri ya Kelvin, lakini hesabu inayoeleza kile ambacho hadubini ingepaswa kuona inatosha katika lahajedwali moja, nawe unaweza kuimaliza kwa mchana mmoja, umeme ukiruhusu.

Nadharia utakayohitaji

Katika antiferosumaku, spini za atomi jirani huelekea pande zilizo kinyume, kwa hiyo jumla yake ni sifuri na dira haioni kitu. Louis Néel, aliyeeleza hali hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, na joto ambalo mpangilio huo huvunjika huitwa kwa jina lake. Mpangilio wa ndani ya kitu ulithibitishwa kwa neutroni mwaka 1949 katika oksidi ya manganizi, ila neutroni hupenya kitu chote, na uso wenye unene wa atomi moja huzipa dalili hafifu mno.

Hadubini ya tuneli husogeza ncha kali karibu na uso bila kuugusa, na elektroni huruka pengo hilo. Ncha ikiwa ya sumaku, mkondo unategemea pia pembe kati ya spini ya ncha na spini ya atomi iliyo chini yake: spini zikielekea upande mmoja mkondo unaongezeka, zikipingana unapungua. Katika kielelezo chetu mkondo ni jumla ya michango ya atomi zote, ambapo kila atomi huchangia (1 + P × kosaini ya pembe), P ikiwa nguvu ya upendeleo wa spini, mara kipeo kinachofifia haraka kadiri atomi inavyokuwa mbali na ncha. Kwa mwongozo huu inatosha hiyo.

Mfano tutakaoutumia ni tabaka moja la atomi za chuma juu ya uso wa tungsteni wenye mpangilio wa mraba. Chuma, ambacho sote tunakijua kama ferosumaku, yaani kitu ambacho spini zake huelekea upande mmoja, hugeuka kuwa antiferosumaku kinapolazwa hapo, na spini zake husimama wima, moja juu na jirani yake chini. Jambo hilo lilionyeshwa kwa hadubini ya ncha ya sumaku mwaka 2005.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Hii ya pili ni ya bure, na ukishaipakua huhitaji bando tena. Uwe pia na ubao wa drafti wenye miraba 64, vizibo 64 vya soda, rula na daftari. Tafadhali usiviruke vizibo kwa kudhani ni mchezo wa watoto. Kosa kubwa kuliko yote katika somo hili huonekana kwa macho kwenye ubao kabla halijajificha katika fomula. Kama huna vizibo vya kutosha, kijiwe chochote cha drafti kitakuazima vya ziada, mradi urudishe.

Hatua za kazi

1. Panga vizibo kwenye miraba yote 64, si ile ya giza peke yake kama katika mchezo. Kwenye miraba ya giza weka vizibo vikiwa vimefunuliwa, na kwenye miraba ya mwanga viwe vimefunikwa. Kila kizibo ni atomi ya chuma, na mkao wake ni mwelekeo wa spini. Sasa pima kwa rula umbali mfupi kabisa kati ya kizibo na kizibo, bila kujali mkao. Kama miraba ya ubao wako ina upande wa sentimita 4, utapata sentimita 4. Kisha pima umbali mfupi kabisa kati ya vizibo viwili vyenye mkao mmoja. Utalazimika kwenda kishazari, na utapata sentimita 5.7 hivi. Mraba wa marudio wa sumaku ni mkubwa kuliko ule wa atomi kwa kipeuo cha pili cha 2, na umegeuka kwa nyuzi 45. Andika jambo hilo daftarini, kwa sababu ndilo jibu la swali la pili, nasi tutaliona likitokea lenyewe katika hatua ya 6.

2. Fungua lahajedwali jipya na uipe laha ya kwanza jina Vigezo. Katika B1 andika 0.3165, ambao ni umbali kati ya atomi kwa nanomita kama unavyoamuliwa na tungsteni iliyo chini. Katika B2 andika 10, kiwango cha kufifia kwa kila nanomita, kinachotokana na nishati ya takriban elektrovolti 4 inayohitajika kuing'oa elektroni kwenye metali. Maana yake ni kwamba ukiinua ncha kwa nanomita 0.1 mkondo hupungua zaidi ya mara 7. Katika B3 andika 0.6, kimo cha ncha kwa nanomita. Katika B4 andika 0.2, yaani P, ambayo ni nguvu ya upendeleo wa spini wa ncha na uso kwa pamoja. Katika B5, nyuzi ambazo spini huzungushwa kutoka safu moja ya atomi hadi nyingine, na B6, nyuzi za pembe kati ya spini ya ncha na spini za atomi, andika 0 kwa sasa. Jaza pia safu ya A kwa maneno yanayoeleza kila kigezo, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka B4 ilikuwa nini.

3. Fungua laha ya pili na uiite Atomi. Acha safu mlalo ya kwanza kwa vichwa. Kisha andika fomula hizi katika safu mlalo ya pili:

A2: =INT((ROW()-2)/11)-5
B2: =MOD(ROW()-2,11)-5
C2: =A2*Vigezo!$B$1
D2: =B2*Vigezo!$B$1
E2: =(-1)^(A2+B2)*COS((A2*Vigezo!$B$5+Vigezo!$B$6)*PI()/180)

Buruta zote tano hadi safu mlalo ya 122. Sasa una atomi 121, zilizopangwa 11 kwa 11, zikiwa na mahali pake katika C na D, na kosaini ya pembe kati ya spini yake na spini ya ncha katika E. Safu ya E inapaswa kuwa na 1 na -1 zikipokezana. Jumla ya safu hiyo ni 1 na si 0, kwa kuwa 121 ni witiri. Wapo wanaofuta kila kitu kwa sababu ya hiyo 1, nami nakuomba usiwafuate.

4. Fungua laha ya tatu na uiite Picha. Katika B1 andika =-2*Vigezo!$B$1, na katika C1 andika =B1+Vigezo!$B$1/10, kisha buruta C1 kulia hadi AP1. Fanya vivyo hivyo kwenda chini: A2 ianze na =-2*Vigezo!$B$1, A3 iwe =A2+Vigezo!$B$1/10, uiburute hadi A42. Umepata gridi ya vituo 41 kwa 41 ambavyo ncha itasimama. Sasa katika B2 andika fomula hii katika mstari mmoja:

=SUMPRODUCT((1+Vigezo!$B$4*Atomi!$E$2:$E$122)*EXP(-2*Vigezo!$B$2*(SQRT((B$1-Atomi!$C$2:$C$122)^2+($A2-Atomi!$D$2:$D$122)^2+Vigezo!$B$3^2)-Vigezo!$B$3)))

Inakili hadi AP42. Kompyuta ya zamani inaweza kukaa kimya sekunde kadhaa, iache imalize.

Angalia alama za dola kwa makini kabla ya kunakili. B$1 ina dola mbele ya namba tu, na $A2 ina dola mbele ya herufi tu. Ukizikosea, kila kituo kitasoma mahali pasipo pake na picha itapinda au itakuwa tupu, na ubaya wake ni kwamba wakati mwingine hupinda kwa namna ya kupendeza.

5. Kabla ya kupaka rangi yoyote, soma seli tatu. V22 ndiyo seli ya katikati, juu kabisa ya atomi yenye spini ya juu: inapaswa kuwa 2.14. AF22 iko juu ya jirani yake mwenye spini ya chini: 1.99. AA27 iko kwenye bonde katikati ya atomi nne: 2.01. Ukipata namba hizo, fomula yako ni sahihi. Usipozipata, usiendelee mbele hata hatua moja, kwa sababu rangi zitakudanganya.

6. Sasa chagua B2 hadi AP42, utumie amri ya kupaka seli rangi kulingana na thamani, nyeusi kwa thamani ndogo na nyeupe kwa kubwa. Punguza upana wa safu ili seli ziwe za mraba. Utaona nukta nyeupe zilizopangwa kishazari kama vizibo vilivyofunuliwa kwenye ubao wako, na atomi nyingine zote, nusu nzima ya atomi, zimegeuka kuwa mashimo meusi. Linganisha tena 1.99 na 2.01: atomi ya spini ya chini inasomeka chini kuliko bonde lisilo na atomi kabisa. Mtu asiyejua angehesabu nukta nyeupe na kuapa kwamba uso huu una atomi nusu ya zilizopo.

Hapa nina onyo kuhusu mizani ya rangi. Programu huivuta mizani yenyewe ili thamani ndogo kabisa iwe nyeusi na kubwa kabisa iwe nyeupe, kwa hiyo tofauti ya asilimia 3 na tofauti ya asilimia 30 huonekana sawa. Weka mipaka kwa mkono, kwa mfano 1.98 hadi 2.15, na usiibadilishe unapolinganisha picha mbili zenye kimo kimoja cha ncha. Mwaka fulani niliwahi kuonyesha mbele ya watu picha mbili nikisema kwamba zina nguvu sawa, kumbe moja ilikuwa imevutwa mara kadhaa kuliko nyingine, na aliyenishika alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeomba tu kuziona namba.

7. Izime sumaku ya ncha: weka 0 katika B4. V22 na AF22 zote zitakuwa 2.07, na AA27 itabaki 2.01. Picha sasa inaonyesha atomi zote bila ubaguzi, kwa marudio ya nanomita 0.3165. Hivi ndivyo ncha ya kawaida isiyo ya sumaku ingeona. Rudisha 0.2.

8. Shusha ncha: weka 0.4 katika B3, na uiruhusu programu ijivutie mizani kwa mara hii moja. V22 itakuwa 1.65, AF22 1.39 na AA27 1.31. Sasa atomi zote zinaonekana kama vilima, kimoja kirefu na kingine kifupi, na ile ya spini ya chini imepanda juu ya bonde. Nenda polepole kutoka 0.4 hadi 0.6, ukiongeza 0.05 kila mara, uone vilima vifupi vikizama.

Ningependa ukae zaidi na hatua hii, kwa kuwa ndiyo kiini cha kazi yote. Ncha inapopanda kutoka 0.4 hadi 0.6, tofauti inayotokana na atomi zenyewe, ambayo unaipima P ikiwa 0, hushuka kutoka karibu asilimia 15 ya wastani hadi asilimia 3, yaani takriban mara 5. Tofauti ya sumaku kati ya V22 na AF22 hushuka kutoka asilimia 18 hadi 7 tu, yaani mara 2.4 hivi. Mchoro wenye marudio marefu hufifia taratibu kuliko wenye marudio mafupi, na wewe ulikwisha kupima kwa rula kwamba marudio ya sumaku ndiyo marefu. Ndiyo maana ncha iliyo mbali huona sumaku kwanza na atomi baadaye, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa kinyume chake.

9. Igeuze spini ya ncha. Rudisha B3 kuwa 0.6 na uweke 90 katika B6, maana yake spini ya ncha imelala sambamba na uso ilhali za atomi zimesimama. Mchoro wa drafti unatoweka kabisa na V22 inarudi 2.07 kana kwamba hakuna sumaku. Uso haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ncha. Kwa hiyo mtu akikuletea picha isiyo na mchoro wa sumaku na kusema uso wake si antiferosumaku, muulize kwanza ncha yake ilielekea wapi.

10. Mwisho, weka 7 katika B5 na 0 katika B6. Sasa kila safu ya atomi imezungushwa nyuzi 7 zaidi ya jirani yake. Utazame mchoro: karibu haujabadilika. Kisha weka B6 kuwa 45, halafu 90, kama vile unalihamisha dirisha lako mbali kwenye uso ule ule. Mchoro unafifia, na kwenye 90 unakaribia kufutika. Hili si zoezi la kubuni. Mwaka 2000 tabaka moja la manganizi juu ya tungsteni lilipigwa picha kwa ncha ya sumaku na kuelezwa kuwa antiferosumaku yenye spini zinazopokezana tu. Ilikuwa mara ya kwanza mpangilio huo kuonekana atomi kwa atomi. Mwaka 2007 eneo pana zaidi la uso huo lilipochunguzwa, ilibainika kwamba spini zake huzunguka kidogo kidogo, takriban nyuzi 7 kutoka safu hadi safu, na mzunguko mmoja hukamilika katika nanomita 12 hivi. Mpangilio wa atomi za uso ule si wa mraba kama wetu, lakini utaona kwamba dirisha la nanomita 1.3 kama lako halingeweza kamwe kuufichua mzunguko huo.

Mambo yakikwama

Seli zikionyesha kosa la jina au la marejeo katika LibreOffice, huenda programu yako inataka nukta badala ya alama ya mshangao kati ya jina la laha na seli, yaani Vigezo.$B$1. Katika baadhi ya mipangilio ya lugha, MOD pia hudai nukta-mkato badala ya mkato.

Seli zote zikionyesha 0.00, umesahau kutoa kimo mwishoni mwa kipeo, pale palipoandikwa -Vigezo!$B$3 mara ya mwisho. Bila kitoleo hicho hesabu bado ni halali, ila namba zinakuwa ndogo zaidi takriban mara 160,000 na programu huzikata zisionekane.

Picha ikiwa na mwanga katikati na giza kingoni, una atomi chache mno. Hutokea kwa wale wanaoweka atomi 5 kwa 5 ili kuokoa muda. Dirisha linahitaji angalau safu tatu za atomi kila upande nje ya mipaka yake.

Picha ikiwa ya rangi moja tu ilhali namba si sawa, angalia mipaka ya mizani ya rangi. Ikiwa namba za seli chache za mwanzo ni sawa na nyingine karibu zote ni sifuri, tazama hatua ya vituo katika laha ya Picha: aliyeweka hatua iliyo mara mbili ya B1 badala ya sehemu yake ya kumi husimamisha ncha juu ya atomi za spini moja tu kila mara, na hata atomi za spini nyingine zingekuwa dhahabu asingezijua.

Tofauti ikiwa kubwa kupita kiasi, hakiki kwamba P haijazidi 1, kwa kuwa hapo baadhi ya atomi huanza kuchangia mkondo hasi, jambo lisilo na maana katika kielelezo hiki.

Na lile swali la tatu, ni nukta ipi iliyo juu? Badili B4 iwe -0.2. Nukta nyeupe zinahamia kwa majirani, na picha yote ni ile ile iliyosogezwa atomi moja pembeni. Katika hadubini halisi alama ya P hutegemea ncha iliyopatikana siku hiyo na pia volti iliyowekwa, na inaweza kugeuka volti ikibadilishwa. Kwa hiyo picha moja hukuambia kwamba nukta nyeupe na nukta nyeusi zina spini zinazopingana, na zimepangwa vipi; ipi ni juu na ipi ni chini haikuambii, nawe usiandike katika ripoti yako kana kwamba imekuambia.